Sauti Ndani ya Soksi ya Sufu

Mji wetu mzima wa Kuhmo ulimjua Aulis Tolonen kwa mambo mawili: kwamba maneno yake ni machache, na kwamba hayo machache ni yale yale kila siku. Ukimpelekea kompyuta iliyogoma, kabla hajaigusa atakuuliza, "Nakala iko wapi?" Ukisema nakala huna, atakutazama, kisha atavuta kiti akae. Kule kukaa ndiko kulikotutia hofu. Aulis akisikiliza maradhi ya mashine yako huku amesimama, matumaini yapo. Akikaa, anza kulia.

Duka lake zamani lilikuwa duka la viatu, na harufu ya ngozi haikutoka humo hata baada ya kuta kupakwa rangi mara mbili. Alianza na redio na televisheni, enzi zile ambazo mtu akiharibikiwa televisheni siku ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji alikuwa radhi kumrushia fundi mawe dirishani. Baadaye watu wakaacha kutengeneza televisheni, wakawa wanatupa na kununua nyingine, naye akahamia kwenye kompyuta bila kulalamika. Katika kompyuta alipenda diski kuliko kitu kingine chochote. Juu ya kaunta aliweka moja iliyokufa, kifuniko wazi, na mteja akizubaa mbele yake alikuwa amejitakia mwenyewe.

"Hii ni sahani," Aulis alianza. "Inang'aa, unaweza kunyolea ndevu hapa. Inazunguka kwa kasi mpaka jicho halioni kama inazunguka. Na huu ni mkono, na hapa kwenye ncha kuna kichwa, kidogo kama punje ya ufuta. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo wa sahani yenyewe, na ule mwanya uliopo, hata chembe ya moshi wa sigara haipiti. Picha za harusi yako zimeandikwa kwa sumaku kwenye ngozi ya sahani hii. Siku kichwa kikigusa, ngozi inachubuka, inakuwa vumbi. Na vumbi halisomeki."

"Sasa kitagusaje?" mteja aliuliza, akitamani kwenda zake.

"Ukiiangusha. Ikizeeka. Au ukiiwasha ikiwa na baridi."

Hilo la mwisho kwetu halihitaji fundi. Mtoto wa chekechea anajua kwamba kitu kilichotoka kwenye baridi hakitumiwi papo hapo. Miwani inaingia ukungu, bunduki ya kuwindia inatoa jasho, na kodiani ya Taisto Moilanen, jirani yake Aulis, iliwahi kuvimba mbao kwa sababu mwenyewe aliitoa kwenye gari akaipiga mbio mbio harusini. Kila nyumba ina milango miwili, wa nje na wa ndani, na kati yake chumba chembamba cha kuvulia viatu. Vitu vya baridi hukaa hapo kwanza, vikapumzika. Aulis aliongeza tu kwamba diski ina tundu dogo la kupumulia, kwa hiyo jasho unaloliona nje, liko na ndani pia, mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika.

Mkewe, Helvi, aliendesha gari la maktaba. Basi zima la vitabu, alilipeleka mpaka vijiji vya mpakani ambako barabara inaishia kwenye ua wa mtu, na watoto wakipanda alizima injini, akageuza kiti cha dereva, akawasomea. Wako watu wazima hapa, wenye vitambi na madeni, ambao ukiwatajia Helvi Tolonen wanainamisha kichwa kidogo kama waliokaa tena kwenye zulia la lile basi. Sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, na ya polepole, ungedhani ana siku nzima kwa ajili yako.

Ndiyo hiyo sauti uliyoitaka ugonjwa. Ulikuwa ugonjwa wa neva, wa kula mwili kidogo kidogo, na kwa watu wengine huanza miguuni. Kwa Helvi ulianza ulimini. Daktari hakuficha: sauti itatangulia, mengine yatafuata. Helvi alirudi nyumbani, akapika kahawa, akamwambia mumewe anataka diski mpya, ndogo, ya kubebeka, pamoja na kipaza sauti.

"Ya nini?"

"Nina mtu wa kuzungumza naye."

Mtu huyo alikuwa hajazaliwa. Binti yao, Outi, alikuwa anaishi Oulu na mumewe Jarkko, na kwa miaka walikuwa wanatafuta mtoto, wanapoteza, wanatafuta tena. Watu walikwishajifunza kutouliza. Helvi peke yake ndiye hakuwahi kuwa na shaka. "Atakuja," alisema, kama anavyosemwa mgeni aliyechelewa basi.

Alirekodi vuli ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, ufukweni, kwa sababu kuta zake ni magogo na hazina mwangwi. Aulis alifukuzwa nje. Akajitafutia kazi ya kupasua kuni, na shoka la kwanza halijatua vizuri, dirisha likafunguka.

"Wewe mzee, huyo mtoto asikie bibi yake au asikie kuni?"

Akasimama pale na shoka mkononi mpaka jua likashuka ziwani. Kupitia ukutani alisikia mvumo tu, unaopanda na kushuka, bila neno hata moja. Alijua wapi anacheka na wapi ananyamaza. Hakujua alichosema.

Helvi alipotoka alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa myeupe. Alikuwa ameshaitia diski ndani ya soksi ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na soksi ndani ya kopo la kahawa. Akalibeba hadi ghalani, akaliweka rafu ya juu, karibu na nyavu.

"Ni ya siku ya ubatizo," alisema. Maneno yalikuwa yameanza kumteleza, akayatamka moja moja. "Siku yenyewe. Isiguswe kabla. Hata na wewe."

"Ngoja nifanye nakala kwanza. Sitasikiliza. Kunakili si kusikiliza, Helvi, ni mashine kwa mashine."

"Aulis, mimi nakujua. Nakala ikiwepo utasikiliza. Utasikiliza leo, utasikiliza kesho, na mwisho hutatoka nje ya karakana mpaka waje wakutoe. Sitaki unisikie ukiwa peke yako. Nataka unisikie mkiwa wengi, na mtoto yupo, na kahawa ipo." Akapumzika. "Neno lako?"

Huku kwetu kuna msemo wa mababu: ng'ombe hushikwa kwa pembe, mtu hushikwa kwa neno lake. Wengine huusema kwa mzaha wakati wa kukopeshana mashua. Aulis hakuwa na mzaha nao. Baba yake aliwahi kutembea usiku mzima kwenye theluji kurudisha farasi kwa sababu alisema atamrudisha Jumamosi, na mwana alirithi kila kitu kwa baba huyo, ukiacha farasi.

"Neno langu," alisema.

Sauti ilikwisha kabla ya Krismasi. Helvi mwenyewe alifariki barafu ya ziwa ilipoyeyuka.

Sasa hapa ndipo mtu anapotaka kumshika Aulis mabega amtikise. Fundi wa diski, mtu aliyewaliza wanaume wazima kwa swali la nakala, anaacha kitu pekee alichopenda kwenye diski moja, ghalani, majira ya baridi yakiingia na kutoka. Alijua fika kwamba diski isiyowashwa nayo huzeeka, mafuta ya mhimili yakaganda, sumaku ikafifia. Kila akienda ghalani kuchukua nyavu alilitazama kopo, nalo kopo likamtazama. Kuna mara moja alilishusha. Aliingia nalo karakana nyuma ya duka, akaitoa diski kwenye soksi, akaiacha itokwe na baridi yake vizuri, akachomeka waya upande wa kompyuta. Ncha ya pili akabaki nayo mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu, halafu akakunja waya, akarudisha kila kitu mahali pake.

Alimsimulia Taisto jambo hilo siku wako sauna, maana sauna ndipo mahali pekee ambapo Aulis alisimulia lolote.

"Kinyozi hajinyoi," Taisto alisema, akimwaga maji kwenye mawe. "We Tolonen, yule mwanamke yuko mbinguni. Akikuona umenakili atafanya nini, akushushie ngazi akuzabe kofi?"

"Nilimpa neno."

"Ulimpa neno, sawa. Neno haliozi. Diski inaoza, umenihubiria mwenyewe mpaka kahawa ikapoa."

"Funga mdomo umwage maji."

Taisto akamwaga. Alisema kweli, na wote wawili walijua, lakini kusema kweli hakujawahi kumsogeza mtu wa Kuhmo hata hatua moja.

Kisha Outi akapiga simu kutoka Oulu, akalia badala ya kusema, na safari hii kilio kilikuwa cha namna nyingine. Mtoto akazaliwa mwanzo wa majira ya baridi, msichana, mzima, mwenye hasira na mapafu ya kutosha. Ubatizo ukapangwa ufanyike nyumbani kwa Aulis, kwenye sebule ya Helvi, kwa ajili ya kile kilichomo ndani ya kopo. Jina likawa siri, kama ilivyo desturi: halitajwi mpaka mchungaji aulize, hata babu halijui. Taisto alijaribu kila ujanja kulipata.

"Nitajie herufi ya kwanza tu, Outi. Mimi ndiye mpiga kodiani, lazima nijue nipige wimbo wa sauti gani."

"Piga wa kunyamaza, ami Taisto. Huo unaujua?"

"Ah, huyu ni wa Helvi kabisa," Taisto alisema.

Jioni ya kuamkia ubatizo baridi ilikuwa ile ya kupasua magogo ya ukuta. Jarkko, mkwe, mtu wa mipango, alishauri diski itolewe ghalani wakati huo, ipate usiku mzima wa kuzoea joto. Shauri lilikuwa zuri. Aulis akatikisa kichwa.

"Alisema siku yenyewe."

"Lakini mzee, tofauti ni masaa tu."

"Kesho ni kesho. Nitaitoa asubuhi mapema. Hadi wakati wa kahawa itakuwa imepata joto."

Aliitoa mapema kweli, kabla ya kunyoa. Akaiweka kwenye benchi kati ya milango miwili, ndani ya soksi yake, ipate joto polepole kama inavyotakiwa, akamwambia Jarkko isiguswe mpaka aseme mwenyewe. Jarkko akaitikia. Outi alikuwa juu ananyonyesha, na Aulis hakuona sababu ya kupanda ngazi kumwambia jambo analolijua tangu utotoni. Akachukua koleo, akatoka kusafisha theluji ili gari la mchungaji lipite.

Theluji ilikuwa nyepesi na anga safi. Aulis alikuwa na furaha. Hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu watu waliomwona barabarani wanalikumbuka: alikuwa anasukuma theluji huku anavuma wimbo usio na maneno, yeye ambaye hata kanisani huchezesha midomo tu. Baada ya miaka ya kuzunguka kopo lile kama paka, leo angemsikia mke wake, na angemsikia wakiwa wengi, kama Helvi alivyotaka.

Alipofungua mlango wa nje, benchi lilikuwa tupu.

Alipofungua wa ndani aliisikia. Tak. Tak. Tak. Kituo kidogo, halafu tena. Mtu mwingine angedhani ni saa ya ukutani. Ni mkono wa diski unaorudi nyumbani na kutoka tena, unatafuta njia juu ya sahani, hauioni, unarudi, na kila ukitoka, kama kichwa kimekwisha kugusa, unalima. Aulis alikuwa amewafundisha watu miaka yote: ukisikia hivyo, ondoa mkono wako, zima, usijaribu tena.

Outi alikuwa amesimama mezani jikoni na gauni la sherehe lisilofungwa mgongoni. Soksi ilikuwa pembeni. Alichomoa waya, akachomeka tena.

"Inakataa, baba," alisema. "Nimejaribu mara kadhaa. Mtoto kalala, nikasema nimsikie mama kidogo, dakika moja, kabla watu hawajaja. Peke yangu. Ni dakika moja tu nilitaka."

Aulis hakuvua viatu. Alivuka sakafu na theluji yake, akachomoa waya taratibu, akaifunika diski kwa viganja vyote viwili. Mgongo wa diski ulikuwa umelowa. Matone yalikuwa madogo na safi, yamejipanga kwenye chuma kama kwenye chupa iliyotoka baridi. Sufu ni mwongo mzuri: nje ilikuwa vuguvugu, ndani ilikuwa imehifadhi baridi yote ya ghala. Aliyafuta matone kwa mkono wa koti kabla binti yake hajainama kutazama.

"Imekufa?" Outi aliuliza.

"Tutaona baadaye. Funga gauni, mwanangu. Gari la mchungaji linakuja."

Ubatizo ulifanyika. Mchungaji akauliza jina, Jarkko akalitaja: Aune Helvi. Wanawake wakatoa vitambaa. Mtoto akapiga kelele maji yalipomgusa, Taisto akapiga kodiani ambayo safari hii ilipumzishwa mlangoni ipasavyo, kahawa ikamiminwa, mikate ya iliki ikazungushwa. Wageni waliojua habari za kopo walikuwa wanatupa macho kwenye kompyuta. Outi akawaambia kuna hitilafu ndogo, baba ataishughulikia. Yeye mwenyewe macho yake hayakutoka kwa baba yake, na Aulis alijua anachokitazama. Kwa hiyo hakukaa. Alikunywa kahawa amesimama karibu na dirisha, akala keki amesimama, akazungumza na mchungaji amesimama.

"Kaa basi, Tolonen," Taisto alimwambia. "Umekuwa nguzo ya simu?"

"Niache."

Taisto akamtazama usoni, akaacha.

Wageni walipokwisha kuondoka na Jarkko amepanda juu na mtoto, Aulis akaingia jikoni. Outi alikuwa anaosha vikombe. Aulis akavuta kiti, akakaa.

Outi akaweka kikombe chini na kuanza kulia, bila kelele, mikono ndani ya povu. Aulis alimwacha.

"Ni mimi," Outi alisema mwishowe. "Ilikuwa baridi, baba. Nilipoitoa kwenye soksi vidole viliniuma. Sikufikiri. Silali wiki nzima, sikufikiri kitu. Niambie kweli. Ni mimi niliyeiua?"

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Haya yalifika siku moja na mjukuu mwenyewe, na Aulis aliyaona yamesimama jikoni yakitafuta pa kukaa. Alimwona Outi mwakani, na mwaka wa kumi, kila akimwogesha mtoto, kila akimsomea hadithi, akiukumbuka ule waya mkononi. Mtu mmoja alikuwa lazima ayabebe. Kwa maisha yake yote Aulis hakuwahi kusema uongo wenye thamani, kwa hiyo hakuwa na mazoezi, na alianza vibaya.

"Si wewe."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Sikiliza." Alitazama meza. "Ilikuwa imekufa tayari. Jana usiku, mlipolala, niliitoa ghalani. Nikaipeleka karakana nikaiwasha."

"Ulisema siku yenyewe. Ulimkatalia Jarkko mbele yangu."

"Nilisema. Halafu nikashindwa kungoja. Nilitaka kumsikia." Hapo angalau palikuwa na ukweli, na sauti yake ikapata nguvu. "Ilikuwa inagonga vile vile, tak, tak. Ilikwisha zamani, Outi, kwa kukaa. Diski ikikaa miaka bila kuwashwa inakufa. Nikairudisha ghalani, asubuhi nikaileta tena, nikaiweka pale kama nzima. Sikujua nikwambieje."

Outi alifuta mikono. Alikuwa anatafuta ufa kwenye maneno hayo, na ungekuwepo kama yangekuwa maneno ya mtu mwingine.

"Neno lako?" aliuliza.

Aulis akainua macho.

"Neno langu."

Hapo jambo likaisha. Outi akaamini, kwa sababu ni mtu gani asiyeamini neno la Aulis Tolonen? Mabega yake yakashuka. Halafu hasira ikaja ikajaza mahali pale palipokuwa na hofu, na Aulis aliiona inakuja, akaingojea.

"Kwa hiyo ulijua," Outi alisema polepole. "Umesimama pale mchana kutwa unakula keki, na unajua. Na miaka yote hii. Watu wazima unawaketisha dukani unawauliza mpaka wanalia. Mimi leo nakuuliza wewe. Nakala ya mama iko wapi?"

Aulis akaikunja ile soksi ya sufu.

"Nakala iko wapi, baba?"

Waliondoka kesho yake asubuhi, kabla ya muda waliopanga. Jarkko alimpa Aulis mkono wa kwaheri. Outi alikaa garini na mtoto, kioo kimefungwa.

Aulis aliipeleka diski kusini, kwenye karakana moja ya karibu na Helsinki yenye chumba kisicho na vumbi, ambako hufungua zile ambazo mafundi wa mikoani hawathubutu kuzifungua. Hakuwa na matumaini, ila mtu hazikwi bila kutazamwa. Aliyempigia simu baadaye alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, anaitwa Mirva.

"Sahani imelimwa," Mirva alisema. "Kuna duara zima limechubuka mpaka kwenye chuma, na vumbi lake limesambaa kote. Na kuna alama za maji, bwana Tolonen. Iliwashwa ikiwa imetoka kwenye baridi kali. Kama ingengojewa hadi jioni, naona ingesomeka; ilikuwa nzima kabisa. Nani aliiwasha?"

"Mimi."

"Si uliniambia wewe ni fundi?"

"Ndiyo. Mimi ni fundi."

"Pole sana," Mirva alisema, na alimaanisha. "Sauti haipo. Kitu kimoja tumekiokoa, orodha ya mafaili, ilikuwa sehemu isiyoguswa. Lilikuwamo faili moja tu. Jina lake ni Kwako Uliyekuja."

Aulis alimwomba alirudie. Mirva akalirudia.

Ilikuwa nzima. Hilo ndilo aliloondoka nalo kwenye simu, na ndilo lililomlaza chini. Kama angeinakili siku ile ya waya mkononi, ingekuwapo. Kama angemsikiliza Jarkko, ingekuwapo. Alikuwa ameshika neno lake kwa mikono miwili miaka yote, na ndilo hilo neno lililoipeleka diski ikiwa ya baridi mikononi mwa mtoto wake asubuhi ile ile. Alilia karakana, mzee mzima, kati ya diski za watu wengine, na harufu ya ngozi ya viatu. Kisha akampigia Outi kumwambia jina la faili. Outi alisikiliza, akasema asante kwa taarifa, akakata.

Wateja waliona mabadiliko. Aliendelea kutengeneza, lakini lile swali hakuliuliza tena. Alimwambia mtu tu, "Tutengeneze nakala, sasa hivi, hapa hapa," na akaifanya bila kuhubiri.

Walikuja katikati ya kiangazi, siku za kuwasha mioto ufukweni, wakati usiku hauna giza. Outi alikuwa amenenepa kidogo na kupumzika. Mtoto alikuwa anaanza meno. Jioni hiyo alisumbua mpaka kila mtu akachoka, basi Aulis akamchukua, akakaa naye kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, mgongo kwenye magogo, akamlaza kifuani. Akaanza kuvuma. Ulikuwa mvumo unaopanda na kushuka, wa polepole, bila neno, na mahali fulani ulikaribia kucheka na mahali fulani ulinyamaza. Mtoto akatulia akisikiliza.

Outi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni wimbo gani huo?"

"Si wimbo. Ndivyo alivyosikika kupitia ukutani, siku anarekodi. Nilikuwa nje hapo na shoka. Maneno sikuyapata."

Outi akaja akakaa kando yake kwenye benchi. Walimtazama mtoto akisinzia. Nje Taisto alikuwa anagombana na moto.

"Nilikuwa na hasira na wewe, baba, mpaka nikashindwa kula," Outi alisema. "Si kwa sababu ilikufa. Vitu vinakufa. Ni kwa sababu ulimpa mama neno, ukalivunja usiku mmoja kabla, kisha ukatudanganya sote. Sikutegemea hilo kwako." Akaweka kichwa begani kwa baba yake. "Lakini ulitaka kumsikia. Na mimi nilitaka. Sisi sote wawili ni wale wale. Nimekusamehe. Nataka ujue kwamba nimekusamehe kabisa."

Aulis aliendelea kumpigapiga mtoto mgongoni. Ukweli ulikuwa pale kinywani, umekamilika, na angeutema ungemwangukia Outi mapajani.

"Asante, mwanangu," alisema.

Baadaye kidogo akamrudishia mtoto wake, akatoka kwenda kuongeza kuni.